Baiskeli Mbili Kwenda Bahi

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ofisini ananiuliza maswali yale yale. Mtu aliyetoka kuugua mapafu anapanda baiskeli kwenda wapi? Ni kweli nilipotea porini? Ni kweli Mwalimu alilia? Nimechoka kujibu nusu nusu kwenye korido na kwenye foleni ya chai, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja.

La kwanza ni jepesi. Mnakumbuka nilivyolazwa mwaka jana, mkawa mnaniletea uji kwa zamu. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani sikuweza kutoka chumbani hadi jikoni bila kushika ukuta. Daktari akanishauri nitembee, na nikipata nguvu niendeshe baiskeli, taratibu, ili mapafu yafunguke. Nikaanza kuzunguka mitaa ya Area D kila asubuhi, huku mume wangu, Mwalimu Elia, akinifuata nyuma na baiskeli yake kama askari anayesindikiza fedha. Mitaa ilipoisha nikaanza kuziangalia zile njia za vumbi zinazotoka nje ya mji. Zinapita kwenye mashamba, zinaingia vichakani, halafu huzioni tena. Mimi nimezaliwa Korogwe, mwenzangu ni wa Lushoto, na tangu wizara ihamie huku tulikuwa hatujaiona Dodoma ila ile iliyo kando ya lami. Nikatamani kujua njia hizo zinakopotelea.

Tukakubaliana kwenda Bahi, lakini si kwa barabara kuu ya Singida. Tungepanda kaskazini hadi Makutupora, tufike Zanka, kisha tukate magharibi kwa njia za vijijini kupitia Mundemu, tushuke mpaka kwenye kinamasi. Nasema tukakubaliana. Ukweli ni kwamba mimi nilitaka na yeye hakuweza kuniacha niende peke yangu.

Area D hadi Makutupora

Tulitoka mwishoni mwa Mei, mvua zimekwisha, baridi ya asubuhi inauma masikio. Mwalimu alikuwa amepakia kila kitu kwenye karia yake: blanketi, maji, pampu, viraka, na kile kichupa changu cha dawa ya kuvuta, ambacho hakutaka nikibebe kwa sababu, alisema, mimi husahau vitu. Vyote alivifunga kwa kamba ya manila ya buluu, akaikaza kwa goti. Mimi nilibeba kitenge na karanga kwenye kikapu cha mbele.

Mji ulikuwa haujaamka vizuri. Tulipita vibanda vinavyofunguliwa, moshi wa maandazi, mama mmoja akimwagia maji vumbi la mlangoni kwake. Mwalimu alikaa nyuma yangu. Anafundisha hisabati, na naamini alikuwa akizihesabu pumzi zangu. Nikikanyaga kwa nguvu kidogo namsikia anasema, "Taratibu, Mama Tumaini." Nikipunguza ananiuliza kama nimechoka.

Tulikuwa tunaikaribia Makutupora tairi lake lilipokanyaga mwiba wa mgunga na kulala chini. Fundi baiskeli tulimkuta kando ya barabara, na beseni lake la maji na vipande vya msasa, lakini alikuwa na gurudumu la mtu mwingine mikononi, na mtu huyo alikuwa na hadithi ndefu. Tukasubiri. Niliuacha ule mkutano wa wanaume nikatembea hadi kwenye ukingo wa shamba la mizabibu lililokuwa nyuma ya kibanda.

Nilidhani shamba la zabibu ni kitu cha fahari. Kumbe ni nguzo na nyaya, udongo mwekundu uliopasuka, na mashina yaliyopinda kama vidole vya bibi mzee. Mwanamke mmoja alikuwa akikata matawi. Alinitazama, akatazama kikapu changu, akaniuliza kama mimi ni nesi wa chanjo. Nikamwambia hapana, natembea tu na mume wangu. Akaniuliza tunakwenda kwenye msiba wa nani. Nikarudia kwamba ni matembezi. Aliwaza kidogo, kisha akaingia kati ya mistari na kurudi na kishada kidogo kilichosahauliwa na wavunaji, zabibu zake zimeanza kusinyaa, tamu hadi meno yanauma.

"Kula," akasema. "Mtu anayekwenda juani bila msiba anahitaji sukari."

Makutupora hadi Zanka

Mbele ya Makutupora tuliiacha lami na kushika njia ya mikokoteni. Sijui niwaelezeje. Mnajua redio ikizimwa ghafla ndani ya nyumba, mkasikia kumbe kulikuwa na kelele? Ndivyo ilivyokuwa. Malori yaliondoka masikioni, na kilichobaki ni mnyororo wa baiskeli yangu na upepo kwenye mabua ya uwele.

Nchi ile haina haraka. Inainuka kidogo, inashuka kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala. Unaona mlima wa mawe mbele yako asubuhi, unaendesha, unaendesha, na mchana bado uko pale pale, umebadilisha rangi tu. Alizeti zilikuwa zimekauka mashambani, zimeinamisha vichwa zote upande mmoja. Kengele za ng'ombe zilisikika upande wa kushoto, kisha kulia, na ng'ombe wenyewe hatukuwaona. Kuna mahali mchanga ulikuwa mzito tukashuka na kusukuma, na hata kusukuma kulikuwa na raha yake, kwa kuwa unaiona njia karibu: nyayo za mbuzi, mkia wa mjusi, jani lililovingirishwa na mdudu.

Kila tuliyekutana naye tulimsalimia, na kila aliyesalimiwa alisimama kabisa, akaulizia nyumbani, watoto, mifugo. Mwalimu alikuwa akiuliza bado umbali gani. Wote walimjibu kwamba tumeshafika.

Tulifika Zanka jua likizama. Mwenye duka mmoja alikuwa na vyumba viwili vya wageni uani, na mkewe akatupikia ugali wa uwele na mlenda. Mwalimu ni mtu wa milimani, amezoea mboga inayokaa mahali unapoiweka. Mlenda ule ulimponyoka mara mbili, mara ya tatu ukaingia kwenye mkono wa shati. Mama mwenye nyumba aligeuka ukutani ili asimcheke mgeni usoni, lakini mabega yake yalicheka.

Pale mezani nikakohoa. Si sana. Vumbi la siku nzima lilikuwa limekaa kooni. Mwalimu akaacha kula, akaenda kwenye mzigo, akaleta kichupa, akanisimamia hadi nilipovuta. Kisha akasema kesho tugeuze. Nikamwambia sigeuzi. Akasema hakunioa aje kunizika Zanka. Mwenye duka aliinuka kwa adabu kwenda kuangalia kuku wake. Usiku kila mmoja alijifanya ameshalala.

Zanka hadi nisikokujua

Asubuhi alikubali twende mbele, mradi nisimwache nyuma. Tukaelekea magharibi.

Hatukuwa tumefika mbali mnyororo wake ulipoanza kuruka. Akasimama kuukaza. Mimi nilikuwa nimeshapata joto la mwili, na daktari aliniambia nikishapata joto nisisimame nikapoa. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenikumbusha hilo. Akaniambia nitangulie polepole, na nikikuta njia panda nimsubiri hapo.

Wenzangu, mimi njia panda sikuiona. Nilirudi baadaye kuiangalia kwa macho yangu. Ni mahali ambapo mvua imechimba korongo katikati ya njia, na magurudumu ya mikokoteni yamepita huku na huku kulikwepa. Kulia unaendelea Mundemu. Kushoto unadhani unaendelea Mundemu. Nilipita kushoto.

Na kutoka hapo njia ilianza kushuka. Mteremko mrefu, laini, udongo mgumu mwekundu usio na mchanga, vichaka vimekaa mbali pande zote mbili. Niliacha kukanyaga. Baiskeli ikaenda yenyewe. Upepo uliingia kwenye kitenge ukakijaza, na ndege wadogo wa kijivu walikuwa wanaruka mbele yangu, wanatua, wanaruka tena, kana kwamba wanaondoa watu njiani. Sikufikiri kitu. Zamani nilipoumwa, kila pumzi ilikuwa kazi: naivuta, naingoja, naisukuma itoke. Hata nilipopona niliendelea kuilinda, kama mtu aliyeibiwa anavyoshika mfuko hata akiwa kwake. Pale kwenye mteremko nilishtuka kukuta sijui nimepumua mara ngapi, wala lini. Hewa ilikuwa inaingia na kutoka bila kuniuliza.

Nikacheka peke yangu. Niliendesha hivyo sijui muda gani. Jua lilipanda, kivuli changu kikafupika kikaja chini ya magurudumu. Na katika muda wote huo, nawaambia kweli, sikumkumbuka Mwalimu hata kidogo.

Kwa Mama Malogo

Njia ilikoma kwenye boma. Ua wa minyaa, zizi la miti, tembe lenye paa la udongo, na uwanjani wanawake wanapura uwele kwa magongo. Hapo ndipo nilipogeuka nyuma na kuona hakuna mtu.

Niliwasalimia kwa salamu pekee ya Kigogo ninayoijua, mbukwenyi, nikampa shikamoo mama mtu mzima aliyekuwa akipepeta. Huyo ndiye Mama Malogo. Alijibu, lakini hakuna aliyenipa kigoda. Nimekaa Dodoma vya kutosha kujua kwamba mgeni asiyepewa kigoda hajakaribishwa. Mkwewe, dada mmoja anaitwa Joyce, ndiye aliyejua Kiswahili vizuri. Walisemezana, kisha Joyce akanigeukia.

"Mama anauliza, kamba iko wapi?"

Nikaona magunia pale chini, nikafikiri wanataka kufunga uwele wao. Nikajibu kwa moyo mweupe kabisa, "Kamba anayo mume wangu. Anakuja nyuma."

Magongo yakanyamaza. Mama Malogo akatamka maneno machache, na wanaume wawili waliokuwa wakitengeneza zizi wakachukua fimbo zao na kuondoka kwa njia ile ile niliyojia, hatua ndefu ndefu.

Maana ya jambo hili niliipata baadaye. Mwaka uliopita walikuja watu ambao hadi leo hakuna anayejua walitumwa na nani, wakapita kwenye shamba la jirani na kamba ndefu ya kupimia, wakapigilia vigingi, wakaondoka. Tangu hapo watu wa pale hawalali vizuri. Wanasikia mji unakuja. Na mimi nimetokea mjini, nimevaa viatu vya raba, nasema mwenye kamba yuko njiani.

Sikupata nafasi ya kuuliza. Wanawake walirudi kwenye kazi yao, upepo ukageuka, na makapi yote ya uwele yakaja usoni kwangu.

Kikohozi kilichonishika hakikuwa kile cha Zanka. Kilinikunja. Nilipapasa kwenye kikapu kutafuta kichupa, nikakuta kitenge na maganda ya karanga, na ndipo nikakumbuka kilipo. Kiko kwenye karia ya mtu ambaye sijui yuko wapi, chini ya kamba ya buluu. Nikaogopa. Uoga unabana kifua kuliko makapi. Niliona uwanja unakuwa mdogo na wa mbali.

Mikono iliniinua kwapani. Mama Malogo alikuwa amenibeba nusu nusu, akanitoa nje ya ua upande upepo unakotokea, akaketi mavumbini, akaniegemeza kwenye kifua chake kama mtoto. Viganja vyake vilikaa mbavuni pangu. Havikubana, vilikaa tu. Akawa anasema neno moja kwa sauti ya chini, analirudia, analirudia, na kila akilirudia kifua chake kilishuka, na changu, kwa kuwa kilikuwa juu ya chake, kikalazimika kushuka nacho. Sijui tulikaa muda gani. Kikohozi kililegea, kikawa cha hapa na pale, kikaniacha. Joyce alikuja kuniambia kwamba lile ni neno wanalombembelezea ng'ombe anayezaa.

Waliniletea maji, kisha maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na kigoda.

Mama Malogo aliuliza kupitia kwa Joyce, mgonjwa kama mimi napima ardhi ya watu ya nini? Ndipo nikaelewa. Nikamwambia sipimi chochote, natembea na mume wangu kuangalia nchi. Joyce alihangaika kulitafsiri hilo. Alijaribu hivi, akajaribu vile, mama anatikisa kichwa. Mwishoni Joyce alisema kitu kifupi na wanawake wote wakacheka. Nilimwuliza amesemaje. Akaniambia, amewaeleza kwamba mimi ni kama ndama aliyefunguliwa.

Nikakaa nao kupepeta, upande wa upepo mzuri. Lakini sasa nilimkumbuka Mwalimu, na kila dakika ilikuwa nzito. Nilitaka kupanda baiskeli nimtafute, wakanizuia: nitaenda huku, yeye atakuja kule, hatutaonana mpaka masika.

Alifika jua limeshalegea, kati ya wale wanaume wawili, mmoja akimsukumia baiskeli. Alikuwa mwekundu wa vumbi hadi kope. Alikuwa ameenda njia ya kulia mpaka Mundemu, akauliza nyumba kwa nyumba, hakuna aliyemwona mwanamke mwenye baiskeli, akarudi mbio akichungulia kila korongo. Wale wanaume walimkuta karibu na njia panda. Yeye aliwauliza mkewe yuko wapi, wao wakamwuliza kamba iko wapi. Aliwafungulia mzigo mzima palepale barabarani, akawapa kamba, blanketi, pampu, kila kitu, akawaambia wachukue vyote wamwonyeshe mkewe tu. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba waliposikia sauti yake waliona aibu kushika fimbo.

Aliniona nimekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, maziwa kwenye mdomo wa juu. Alitembea hadi kwenye ua wa minyaa, akanipa mgongo, akasimama hapo akiuangalia ua. Kama alilia sijui. Mimi niliona mgongo.

Nilimfuata, nikasimama kando yake.

"Nilijua nitakukuta umelala barabarani," akasema.

"Nilikohoa. Kikapita."

"Bila dawa?"

"Bila dawa."

Kuku walipita miguuni kwetu. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma hesabu asiyoielewa, "Mwaka mzima nimelala sikio moja liko macho. Hata wewe ukipona, mimi sijui nitaachaje."

Nilimshika mkono, ulikuwa umejaa mafuta ya mnyororo. Nilimwomba radhi kwa kutosubiri, na sikumwomba radhi kwa ule mteremko. Nilimwambia hivyo hivyo, akasikia.

Tulilala pale. Walituchinjia jogoo, na Mwalimu akala mlenda wote bila kumwaga.

Bahi

Asubuhi Mama Malogo alitusindikiza mpaka kwenye korongo, akatuonyesha kwa fimbo njia ya kulia. Mwalimu alinipa kichupa changu nikakiweka kikapuni mwenyewe. Kisha akapanda baiskeli na kusema, "Leo natangulia mimi."

Nikaelewa alichokuwa anajifanyia. Mtu aliye mbele hawezi kukutazama. Mwanzoni aligeuka karibu kila mti. Tulipoipita Mundemu akawa anageuka kila kilima. Baadaye niliona shingo yake inataka kugeuka na anaizuia, nikamwonea huruma, nikaanza kupiga kengele mara moja moja ajue nipo. Halafu nikaacha kupiga, na yeye akaendelea kwenda.

Nchi ilikuwa inashuka bila kusema. Udongo uligeuka kutoka mwekundu kuwa kijivu, vichaka vikapungua, hewa ikaanza kunuka matope na majani mabichi. Tulitokea kwenye majaruba ya mpunga, ya dhahabu, watu wameinama wanavuna, na mbele yake maji. Maji mengi, mapana, yasiyo na kina, anga yote imelala ndani yake. Yangeyange weupe walikuwa wamesimama mguu mmoja mmoja. Sikuwahi kufikiri Dodoma inaweza kuwa na kitu cha namna ile, saa chache kutoka kwenye mafaili yetu.

Tulinunua kambale wa kukaanga kwa mama mmoja kando ya tuta, moto, na chumvi na pilipili juu ya karatasi. Tukakaa kwenye nyasi. Mwalimu aliweka samaki wake pembeni ili apoe, akajinyoosha kidogo, kofia usoni. Nilikuwa namweleza habari ya ndege fulani mwenye miguu ya rangi ya waridi nikaona hajibu. Alikuwa amelala. Mdomo wazi, mikono imetupwa huku na huku, mchana kweupe, watu wanapita.

Upepo ulileta vumbi la mpunga. Nikakohoa, na si kidogo, hata yule mama wa samaki aligeuka kuniangalia.

Mwalimu hakuamka. Nikamfunika miguu na kitenge, nikamaliza samaki wangu, nikaangalia maji, kisha nikala na wake.